Mstari wa 65

Mzee mwenyekiti aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele, kisha akanisogezea mezani kama mtu anayerudisha chenji iliyopungua.

"Mwanangu, hapa wataka nitie sahihi chini ya nini?"

Ilikuwa Jumamosi baada ya sala ya alasiri, barazani, Ngamiani, hapa Tanga, na birika la kahawa lilikuwa limekwisha kupita mara mbili. Karatasi aliyonirudishia ilikuwa nyeupe tangu juu hadi chini, isipokuwa mistari miwili iliyokaa kichwani pake: Sahihi ya Mwenyekiti, na chini yake Sahihi ya Mweka Hazina. Majina ya wanachama wa kikoba chetu, hisa zao, mikopo yao na marejesho yao, yote yalikuwa kwenye karatasi nyingine iliyotangulia. Nilimweleza kwamba hii ni mwendelezo wa ile, na kwamba zikibanwa pamoja kwa pini hazitaachana.

"Pini hung'oka," alisema. "Mtu akiichukua hii, akaipachika nyuma ya hati ya deni la milioni ishirini, sahihi si itakuwa yangu? Tuletee ile taarifa ya zamani, ya ile printa ya kelele."

Mama mweka hazina hakusema kitu. Alifunga kifuniko cha kalamu yake, na hapo nikajua kikao kimekwisha.

Nilipanda baiskeli nikarudi nyumbani na karatasi nane mkobani, nne za hesabu na nne za sahihi tupu, na kwa wiki tano zilizofuata sikupata amani nazo.

Printa ya kelele

Wasomaji waliowahi kukaa katika ofisi ya zamani wanaikumbuka printa ya sindano, ile inayogonga utepe na kuvuta karatasi za mfululizo zenye matundu pembeni, kwa mlio unaosikika mpaka nyumba ya pili. Yetu ilikufa kwa sababu utepe wake haukupatikana tena, nami kwa kujiamini nikajitolea kuleta printa ya leza ya mtumba. Programu ya hesabu haikubadilika. Iliandikwa zamani na mtu ambaye sasa hayupo mjini, nayo haikuwahi kukosea hata shilingi, kwa hiyo hapakuwa na aliyethubutu kuigusa.

Nilianza kwa kuilaumu printa. Nilimwambia mzee kwamba ina hitilafu, jambo ambalo, nikiri sasa, sikuwa nimelithibitisha. Kisha nikailaumu karatasi, nikanunua rimu nyingine, na karatasi nane zikatoka nane zile zile. Kijana wa duka la stesheneri aliponisikiliza alinihurumia, akasema nifanye PDF tu, mambo yaishe. Ushauri wake ulikuwa wa busara kwa kazi nyingi, ila PDF, ambayo ilitoka mwaka 1993, huhifadhi ukurasa kama ulivyokwisha kukatwa. Mahali pa kukata huwa pamekwisha kuchaguliwa na mtu au programu kabla yake, na mimi nilichotaka kujua ni nani aliyechagua kukata pale, mistari miwili kabla ya mwisho.

Ilinibidi nirudi kwenye rula.

Hesabu ya inchi

Printa ya sindano kwa desturi iliandika mistari 6 katika kila inchi ya kushuka. Karatasi yake ya mfululizo ilikuwa na urefu wa inchi 11 kutoka mkunjo hadi mkunjo. Sita mara kumi na moja ni 66, na nilipolifungua faili la taarifa yetu na kuhesabu, nilikuta kila ukurasa una mistari 66 kamili, isiyozidi wala kupungua. Mwandishi wa programu aliitumia karatasi yote, akaweka sahihi kwenye mstari wa 65 na wa 66, na mwisho wa mstari wa 66, badala ya herufi namba 10 ambayo huiambia printa ishuke mstari mmoja, akaweka namba 12, ambayo huiambia itoe karatasi na kuanza nyingine.

Kazi safi kabisa, kwa karatasi ile.

Karatasi ya A4 ni ndefu zaidi. Ina milimita 297, yaani inchi 11 na karibu robo tatu hivi, na kwa mistari 6 kwa inchi ilipaswa kubeba mistari 70. Hili ndilo lililonichanganya kwa siku nyingi. Ikiwa karatasi mpya ni ndefu kuliko ya zamani, inawezekanaje mistari iliyokaa kwenye fupi ifurike kwenye ndefu? Nilihesabu mistari iliyochapwa kwenye ile karatasi ya kwanza mara tatu, mara ya tatu kwa kuweka nukta ya penseli kando ya kila mmoja. Ilikuwa 64.

Vitobo visivyokuwepo

Jibu liko katika lugha ambayo printa yetu inaielewa, PCL, iliyoenea kupitia printa za LaserJet ambazo Hewlett-Packard walizianzisha mwaka 1984. Lugha za namna hii huitwa lugha za kuelezea ukurasa, ingawa PCL kwa tabia yake ni tarishi zaidi kuliko mchoraji: maandishi yanapita, na katikati yake zinapita amri fupi zinazotanguliwa na herufi namba 27, ambayo hutumika kama kikohozi cha kumwambia msikilizaji kwamba linalofuata si neno la kuchapwa bali agizo. Usipoiagiza kitu, printa ina mazoea yake. Huacha nusu inchi juu, huacha nusu inchi chini, na mstari ukifika kwenye ile nusu ya chini, huitoa karatasi yenyewe na kuendelea kwenye nyingine.

Ondoa inchi moja katika A4, zidisha kilichobaki kwa 6, utapata 64.

Kuruka huku kwa nusu inchi kulitungiwa karatasi za mfululizo, ili maandishi yasiangukie kwenye mstari wa vitobo ambapo karatasi huchanwa, na jina la amri yenyewe bado linataja vitobo hivyo. Printa ya leza hula karatasi moja moja, hakuna mkunjo wala kitobo, lakini inaendelea kuviruka. Nilicheka peke yangu usiku nilipolielewa hili, kisha kicheko kikaisha, maana nilitambua kwamba karatasi yetu ilikuwa ikikatwa na wawili: printa kwa mazoea yake kwenye mstari wa 64, na programu kwa namba 12 yake kwenye mstari wa 66. Mafahali wawili katika zizi moja, na kati yao ndipo palipoangukia sahihi ya mzee.

Jambo la kwanza nililojaribu lilikuwa kumzuia fahali mmoja. Iko amri ya kuzima kuruka vitobo, namba 27 ikifuatiwa na &l0L, nami niliituma nikiwa na matumaini makubwa. Karatasi zilitoka nne badala ya nane. Lakini mistari ya sahihi ilikuwa imeshuka mpaka ukingoni kabisa mwa karatasi, hapana hata pa kuwekea kidole gumba, seuze kalamu. Niliiona sura ya mama mweka hazina akitafuta pa kuandika, nikaichana.

Robo ya milimita

Njia ya pili ilikuwa kupunguza nafasi kati ya mistari.

PCL huipima nafasi hii kwa vipande vya inchi, kila kipande kikiwa moja ya arobaini na nane. Mistari 6 kwa inchi ni vipande 8 kwa kila mstari, na amri yake ni namba 27, kisha &l8C. Kinachopendeza ni kwamba namba hiyo inakubali desimali. Wachapaji wa karatasi ya Kimarekani, iliyo fupi, wanaijua 7.27, inayotosha mistari 66 bila kuondoa pambizo za nusu inchi. Kwa A4 hesabu yangu ilitoa 7.77, punguzo ambalo jicho haliwezi kulitambua.

Usiku mbili zilipotea kwa sababu ya herufi moja. Ile inayofuata alama ya & ni herufi l ndogo, nami niliisoma kuwa tarakimu 1, na katika mwandiko wa skrini yangu zilifanana kama mapacha. Usiku wa tatu ulipotea kwa kosa langu halisi: niliweka amri ya kufuta mipangilio yote, namba 27 na E, baada ya kupanga nafasi badala ya kabla yake, kwa hiyo printa ilinisikiliza kwa makini, kisha ikasahau kwa amri yangu mwenyewe.

Nilipofaulu, mistari 66 ilikaa kwenye karatasi moja, na pambizo ilibaki. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimezitazama zile karatasi za sahihi tupu kwa muda mrefu mno, na sasa nililiona jambo ambalo printa ya zamani ilikuwa ikilificha kwa mazoea yetu: mstari wa sahihi ulikuwa na kimo cha milimita 4 na kidogo. Hakuna mtu mzima anayetia sahihi ndani ya milimita 4. Katika taarifa zote za nyuma, sahihi ya mzee ilikanyaga ya mama, na mkia wa ya mama ulishuka nje ya karatasi.

Nafasi kati ya mistari si lazima iwe moja kwa ukurasa mzima. Amri inaweza kutumwa popote katikati ya maandishi, nayo itatawala tangu hapo mpaka ije nyingine. Nikafanya hesabu upya. Mistari 64 ya kwanza nikaipa vipande 7.5, na miwili ya sahihi nikaipa vipande 16, yaani theluthi ya inchi kila mmoja, zaidi kidogo ya milimita 8. Jumla ni vipande 512, na karatasi baada ya kuondoa pambizo ina vipande 513. Kipande kimoja tu kilibaki! Sijawahi kukisia kitu kikatoshea hivyo, na hata hapa sikukisia.

Gharama yake ilikuwa robo ya milimita katika kila mstari wa hesabu, nayo ilinisumbua kuliko nilivyotazamia. Wanaoisoma taarifa ile ni watu wazima, wengine hufuata mstari kwa kidole kutoka jina hadi deni, na mistari ikisongamana kidole huteleza kikaangukia deni la jirani. Wachapaji wa zamani wa herufi za chuma waliingiza vipande vyembamba vya risasi kati ya mstari na mstari, na kwa hiyo nafasi kwao ilikuwa kitu kinachoshikika, chenye uzito na bei. Mji huu una historia nayo. Gazeti la Kiongozi lilitolewa hapa hapa Tanga, katika shule ya serikali ya Kijerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Mimi robo yangu ya milimita niliiondoa kwa kuandika tarakimu mbili na nukta, bila kubeba chochote, na wepesi huo ndio ulionitia shaka.

Nilichapa ukurasa mmoja kwa vipande 8 na mwingine kwa 7.5, nikampa mama yangu mzazi asome deni la mtu wa kumi na saba katika kila mmoja. Alisoma yote mawili sawasawa. Kisha akaniuliza kwa nini nampima macho.

Lugha isiyojua mstari

Katikati ya wiki hizo niliwahi kulipeleka faili langu kwenye mashine kubwa ya duka la stesheneri, nikidhani printa ni printa. Mashine ile ilikuwa imewekwa isikilize lugha nyingine ya kuelezea ukurasa, PostScript, peke yake, na haikutoa kitu.

PostScript ni ya umri ule ule. John Warnock na Charles Geschke walitoka Xerox wakaanzisha Adobe mwaka 1982, lugha ikatoka mwaka 1984, na mwaka 1985 Apple wakaitia ndani ya printa yao ya LaserWriter. Lakini namna yake ya kufikiri ni nyingine kabisa. Haijui mstari. Ukiipa maneno yenye alama ya kushuka ndani yake, haishuki. Unasimamisha kalamu mahali kwa kutaja namba mbili na neno moveto, unaandika kwa show, kisha ni juu yako kusema mstari unaofuata uanzie wapi. Nafasi kati ya mistari haipo mpaka uipunguze mwenyewe katika namba ya kimo, pointi 12 au 13 au upendavyo, kila pointi ikiwa moja ya sabini na mbili ya inchi. Haijui kujaa pia. Unaweza kuendelea kuandika chini ya ukingo wa karatasi, hewani, wala haitakuonya. Ukurasa hutoka pale tu unapotamka showpage, na ukisahau kulitamka kwenye ukurasa wa mwisho, ukurasa huo hautatoka kamwe.

Mwanzoni niliiona kuwa lugha ya watu wenye wakati wa kupoteza. Niliibadili fikra hiyo niliponunua daftari nikaanza kuandika programu ndogo ya taarifa yetu kwa lugha hiyo, kwa kujifunza tu. Katika PostScript kimo huhesabiwa kutoka chini. Kona ya chini kushoto ni sifuri, na juu ya A4 ni pointi 842. Maana yake ni kwamba namba inayokuambia uko wapi ndiyo hiyo hiyo inayokuambia umebakiwa na nini. Ukiwa kwenye 130, una pointi 130 mpaka ukingo, na ikiwa sahihi mbili na pambizo zinahitaji 100, basi umebakiwa na 30, ambazo ni mistari miwili ya wanachama, na unaijua hali hiyo kabla hujaandika mstari wowote.

Mwandishi wa programu yetu alihesabu kutoka juu: mistari 64, kisha sahihi. Nami, kwa vipande vyangu 512, nilikuwa nimemfuata bila kufikiri.

Anayepanga utenzi huyajua haya kwa hisia. Ubeti una mishororo minne, na wa nne ndio unaobeba kina kile kinachorudi tangu mwanzo hadi mwisho wa utenzi. Ukiuacha mshororo huo uangukie ukurasa wa pili peke yake, msomaji atakuwa amefunua karatasi kabla ubeti haujatua. Mpangaji mzuri haulizi kama mshororo huu unaingia. Anauliza kama ubeti mzima unaingia, na usipoingia anauhamisha wote.

Kurudi kwenye printa yetu

Printa ya kikoba haisikilizi PostScript, kwa hiyo nilibeba fikra tu, nikaiacha lugha. Niliandika programu ndogo inayosimama kati ya ile ya zamani na printa. Inasoma taarifa yote kwanza, inazitupa zile namba 12 zote, inahesabu wanachama, ndipo inapoamua yenyewe karatasi zikatwe wapi. Kwa kuwa sasa inaweka wanachama wachache zaidi kwa karatasi, robo ya milimita niliirudisha. Mistari ya hesabu ina vipande 8 kama zamani. Karatasi ya mwisho haiwezi kuwa na wanachama chini ya watano juu yake. Wakipungua, inawavuta kutoka karatasi iliyotangulia. Na chini ya kila karatasi inaandika ni ya ngapi kati ya ngapi, jambo ambalo haliwezekani kwa programu inayochapa huku ikisoma, kwa kuwa haijui mwisho mpaka iufikie.

Karatasi zikawa tano, moja zaidi ya enzi za sindano. Niliona si vibaya.

Jumamosi nyingine

Nilimkuta mzee pale pale barazani. Nilimwamkia, akaitikia, akazipokea karatasi bila kuniuliza habari za printa, nami sikumweleza habari za vipande wala vitobo. Alisoma namba zilizo chini, moja kati ya tano, mbili kati ya tano, akilamba kidole kila anapofunua. Kila karatasi aliitia sahihi, na sahihi yake ilikaa yote ndani ya nafasi yake.

Alipofika ya tano alisimama.

Karatasi hiyo ilikuwa na wanachama tisa tu. Chini yao palikuwa na jumla, kisha weupe mtupu wa karibu nusu ya karatasi, kisha sahihi mbili zikisubiri mwishoni pale nilipoziwekea nafasi kwa hesabu.

"Na hapa katikati?" aliuliza.

"Hapana kitu, mzee. Wanachama wamekwisha."

"Naona wamekwisha." Aliazima rula yangu iliyokuwa mkobani, akapiga mistari miwili chini ya jumla, kisha akaiweka rula mshazari, akavuta mstari mrefu kutoka kona ya juu ya ule weupe mpaka kona ya chini, taratibu, asiache mahali ambapo mtu angeweza kuongeza hata jina moja. Akaitazama kazi yake, akatia sahihi, akamsogezea mama mweka hazina kalamu.